Kwa Dk. Chitranganie Ekanayake, Uliyesema Kipimo Kirudiwe

Dada, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipoketi kwenye kiti cha Bwana Rizvi kule maabara, ukamwambia unapumzika kidogo, usiinuke tena. Tulikuwa tumekuambia. Siku nyingi ulikuwa ukijishika kifua na kusema ni gesi, ni pilipili, ni kubanwa kwenye basi la mjini Kurunegala. Wewe uliyewarudisha watu wapimwe mara ya pili na ya tatu, mwenyewe hukwenda kupimwa hata mara moja. Hilo hatujakusamehe, na tunaliandika hapa gazetini ili ulijue.

Mimi mdogo wako Senani ndiye ninayeshika kalamu. Kaka Piyatilaka ameketi mbele yangu, anataka nipunguze ukali. Wifi Kusuma anasema nisipunguze.

Nyumba imetulia mno bila wewe. Hakuna anayekunywa chai bila sukari na kumega sukari guru pembeni, huku akitusema sisi kwamba tunaharibu majani. Watoto wa majirani uliokuwa ukiwafundisha kemia barazani jioni, bila kuwatoza kitu, bado wanapita na kuchungulia. Mmoja aliniuliza kama mimi siwezi kuwafundisha. Nikamwambia mimi ni mshonaji. Akasema basi pole.

Ulikuwa mpole, Dada, lakini upole wako ulikuwa wa kuchosha. Hukumpigia mtu kelele hata siku moja. Ulirudia tu jambo lile lile, kwa sauti ile ile, mpaka mtu akubali au aondoke. Wengi waliondoka.

Kazi yako ilikuwa kutenganisha protini. Wifi Kusuma alikuuliza siku moja jikoni, akichambua dengu, ni kazi gani hiyo isiyoisha. Ukamwambia achukue watu wote waliotoka hekaluni kwa pamoja, awapitishe katikati ya soko. Asiyetaka kitu atatokea upande wa pili mapema. Anayependa kugusa vitambaa atachelewa. "Na wewe, wifi, tutakuona jioni," ukasema. Hivyo ndivyo tulivyoielewa kromatografia katika nyumba hii. Damu inasukumwa ndani ya bomba la chuma jembamba lililojazwa punje laini. Kila protini inashikwa na zile punje kwa kiasi chake, inatoka kwa wakati wake, na mashine inachora kilima kwa kila inayotoka. Wewe ulivitazama vile vilima ukajua nani anabeba thalasemia, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na nani habebi.

Bwana Rizvi, fundi wako wa maabara, alikutania kwamba umeolewa na lile bomba. Ulimjibu kwamba ni ndoa yenye amani, mume hali sana na mama mkwe hayupo.

Uprofesa hawakukupa. Ulianza na protini za kunde na choroko ulipokuwa mwanafunzi. Ukaenda kwenye sumu ya nyoka, miaka ile watu wa mashambani walipokuwa wakiumwa sana wakati wa mavuno. Ukaishia kwenye damu. Kamati ikasema rekodi yako ya utafiti inarukaruka, haina mwelekeo. Ulituambia hayo mezani, ukijipakulia sambal, ile kachumbari ya nazi na pilipili. Kaka akakasirika kwa niaba yako, akataka kujua uliwajibu nini.

"Niliwaambia mwelekeo upo. Ni bomba lile lile."

"Wakasema?"

"Wakaniuliza kama nina swali lingine."

Tulicheka, lakini tulijua lilikuuma. Makala zako zilikuwa nyingi kuliko za wawili kati ya waliokaa kwenye kamati ile, na hakuna hata moja uliyoitoa kabla ya kuirudia kazi yote tangu mwanzo. Kwako rekodi ilikuwa kitu ambacho mtu mwingine, mahali pengine, anaweza kukifanya upya akapata ulichopata wewe. Kwao ilikuwa kitu cha kuhesabu.

Lakini lililokumaliza nguvu halikuwa uprofesa. Lilikuwa neno "Safi".

Kliniki za kuzunguka zilikuwa zikiwapima vijana wa mkoa wetu kabla ya ndoa, jambo zuri, na wewe mwenyewe ulilipigania. Huku kwetu wanaobeba thalasemia ni wengi. Mtu anayeibeba haumwi. Analima, anazaa, anazeeka. Lakini wawili wanaoibeba wakioana, mtoto wao anaweza kuzaliwa akihitaji kuongezwa damu maisha yake yote. Wote tunazijua zile wodi, na watoto wale waliokaa na sindano mkononi wakichora. Kliniki ikimpima mtu, ilimpa karatasi yenye neno moja: "Anabeba" au "Safi".

Wewe ukagundua kwamba miongoni mwa walioitwa safi kulikuwa na wasiokuwa safi. Walikuwa wasichana hasa, wenye upungufu wa madini ya chuma. Madini hayo yakipungua sana mwilini, kilima kile kinachotafutwa kinaweza kushuka, mtu anayebeba akaonekana habebi. Uliwapa vidonge, ukawapima tena baada ya miezi mitatu. Kwa baadhi yao kilima kikapanda.

Ukaiandikia ofisi iliyosimamia zile kliniki, ukaomba kwamba mtu mwenye upungufu wa madini asiandikiwe "Safi", aandikiwe "Rudia kipimo". Hukuomba kitu kingine. Ukaitwa. Ukaelezwa kwamba maneno mengi yatawachanganya wananchi. Ukawaambia watachanganyikiwa zaidi wodini. Ukapewa chai na biskuti, ukashukuriwa, ukarudi nyumbani.

Ukaandika makala. Jarida la kwanza likasema watu uliowapima ni wachache. Ukaongeza watu, ikakuchukua mwaka. La pili likasema mashine yako ni ya zamani. La tatu likasema jambo lenyewe linajulikana tayari. Hilo ndilo lililokukasirisha mpaka ukasimama. "Kama linajulikana," ukasema, "mbona hawalifanyi?" Wifi akakuongezea wali.

Sasa lile ambalo Kaka hataki niliandike.

Iroshini, binti yake, alichumbiwa na Thusitha wa Polpithigama. Kijana mwenye adabu, fundi wa pampu za maji. Hakuficha kwamba anabeba thalasemia. Alilijua tangu shuleni, kwa sababu ya binamu yake. Iroshini alipimwa na kliniki, akarudi na karatasi: Safi. Mnajimu akatoa siku njema, jukwaa la maua likaagizwa, kadi zikagawiwa, na mimi nikaanza kukata sari za wasimamizi.

Ukamtazama Iroshini akipanda ngazi za baraza, ukaona anavyohema. Ukamfunua kope la chini, ukaliona jeupe. Ukamchukua damu hapo hapo. Madini ya chuma hakuwa nayo kabisa.

Ulimwambia Kaka kwamba harusi isogezwe mpaka mtoto anywe vidonge na apimwe tena. Kaka alikuuliza kama umemwona mgonjwa. Ukasema hapana. Akakuuliza kama una hakika anabeba. Ukasema hapana, na hiyo ndiyo sababu.

"Dada, watu wameshaalikwa. Nitawaambia nini?"

"Waambie tunarudia kipimo."

"Watasema mtoto wangu ana ugonjwa."

"Watasema. Halafu watanyamaza."

Hapo ulikosea, Dada. Damu uliijua, watu hukuwajua. Hawakunyamaza.

Thusitha mwenyewe alikubali kusubiri. Alisema miezi mitatu si kitu. Ila mama yake, Somalatha, hakukubali. Alisema mnajimu ametoa siku, na familia iliyo na shangazi daktari inapoikataa siku hiyo, basi kuna jambo linafichwa. Maneno yakaanza dukani, yakaenda kisimani, yakafika hekaluni. Kwamba msichana ana damu mbovu. Kwamba shangazi mwenyewe amekataa kuweka saini. Kabla vidonge havijaisha, mjomba wa Thusitha alikuja na kisanduku kilichofungwa vizuri, ndani yake vitu vyote tulivyokuwa tumewapelekea. Alikiweka barazani, akakataa maji, akaondoka.

Kisha ukampima Iroshini tena. Ukaja kutoka Kurunegala umesimama njia nzima, ukaingia ndani unatabasamu, karatasi mkononi. Kilima hakikupanda. Mtoto alikuwa habebi kitu.

"Safi," ukamwambia. "Sasa ni safi ya kweli."

Iroshini alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa lake. Hakuinua macho. "Safi kwa ajili ya nani, Shangazi?"

Uliketi naye mpaka chakula kikapoa, nawe hukusema neno, na kwa mtu kama wewe hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini hukusema kwamba ulikosea, kwa sababu hukuamini kwamba ulikosea. Tulikukasirikia sana. Kaka hakula na wewe msimu mzima. Mimi nilizifungia zile sari kabatini, na kila nilipofungua kabati nilikusema kimoyomoyo.

Thusitha alitafutiwa mwingine upesi, wakaoana. Tungeliacha hapo. Lakini wewe ulikuja jikoni siku moja ukamwuliza Iroshini, huyo Iroshini, kama bado ana namba ya Thusitha, amwambie mke wake mpya arudie kipimo. Wifi Kusuma aliangusha mwiko. Iroshini alinawa mikono, akaifuta, akatoka, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Ikabidi uende mwenyewe Polpithigama. Ulikwenda na mwavuli wako mweusi. Somalatha hakukufungulia geti. Alisimama ndani, akakwambia kwa sauti ya kusikiwa na majirani kwamba umeshamaliza kwa mtoto wa kaka yako, sasa umekuja kwa mkwe wake, na kama hukupata mume wa kukaa naye kaa na nyoka wako. Ulirudi na pindo la sari limelowa tope. Nilikuuliza walisemaje. Ukasema, "Wamesema bado." Ni jirani yao aliyenieleza yote, baadaye.

Hata hivyo Thusitha alikuja maabara. Alikuja kimya kimya na mkewe, Madhavi, wiki chache kabla hatujakupoteza. Madhavi alikuwa na karatasi ya kliniki inayosema Safi. Ulimpima. Upungufu wa madini, kama wa Iroshini. Ukampa vidonge, ukamwambia arudi baada ya miezi mitatu, na kwamba mpaka hapo wasikimbilie mtoto. Haya hukutuambia. Wagonjwa wako hukuwaleta mezani.

Kisha ukaketi kwenye kile kiti.

Mazishi yalijaa watu, Dada. Wakubwa wa chuo walikuja, wakasema rekodi yako ni hazina. Kaka alisimama karibu nao amekunja ngumi ndani ya mifuko. Mmoja alisema makala yako ya mwisho lazima ichapishwe. Bwana Rizvi akaipeleka tena kwenye jarida. Wamejibu kwamba utaratibu unataka mwandishi wa kwanza athibitishe kwa saini yake. Bwana Rizvi amewaeleza, mara mbili. Wamejibu tena vile vile.

Mashine yako imefunikwa shuka. Bomba lilikuwa limekwisha kazi, na tangu mwaka ule wa foleni za mafuta na dola kukosekana, bomba lingine halijaja. Bwana Rizvi huenda kuipangusa vumbi. Chuo kinasema ombi liko njiani. Kwenye karatasi za kliniki bado wanaandika Safi.

Wiki iliyopita tulikufanyia sadaka ya mwaka. Watawa walikuja asubuhi, Wifi alipika tangu giza halijatoka, wali wa maziwa ulikatwa vipande, majirani wakaja na maua ya mayungiyungi. Watawa walipokwisha kula na kuondoka, tulikuwa bado tunakunja mikeka, bajaji ikasimama nje. Akashuka mwanamke mmoja, amevaa nyeupe kama sisi sote, akasimama getini asiingie. Iroshini ndiye aliyekwenda. Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia.

Mwanamke alisema anaitwa Madhavi. Alisema anajua amekuja nyumba gani, na akiambiwa aondoke ataondoka.

"Daktari aliniambia nirudi," akasema. "Nilirudi. Wakasema hakuna huduma, na kwamba karatasi yangu inasema safi, nataka nini tena? Mama mkwe anauliza mjukuu kila siku. Sisi tumengoja tu. Sasa mimi nirudi kwa nani?"

Iroshini alitazama nyuma ya Madhavi. Nikajua anamtazama nani: ndani ya bajaji, kiti cha nyuma, Thusitha alikuwa ameinamisha kichwa.

Dada, mimi nilitaka wale watu waondoke. Nakwambia kweli. Nilikuwa na sinia mkononi na nilitaka kulifunga geti kama Somalatha alivyokufungia wewe. Iroshini akapita pembeni ya Madhavi, akaenda mpaka kwenye bajaji.

"Shuka," akamwambia Thusitha. "Wali upo na chai ipo. Ule, halafu twende hospitali ya Kandy. Wao wana mashine."

"Iroshini, sikutegemea kwamba wewe—"

"Sikufanyii wewe. Shuka."

Walikula kwa haraka, Thusitha akiwa amekaa karibu na mlango. Iroshini alimfunua Madhavi kope la chini, jinsi ulivyomfunua yeye, akamwuliza kama vidonge alivinywa vyote. Alivinywa vyote. Kaka alitoka nje, tukadhani amekasirika. Tukamkuta anaongea na dereva wa bajaji kuhusu njia ya Kandy. Wakaondoka wote watatu. Iroshini alikuwa bado na nguo nyeupe za sadaka.

Majibu yametoka juzi. Kilima kilikuwa kimejificha. Madhavi anabeba, kama mumewe.

Iroshini alikuwa nao walipoambiwa. Anasema Thusitha alitoka kwenye korido akakaa sakafuni. Madhavi hakutoka. Alimwuliza daktari swali juu ya swali, mpaka daktari akavuta kiti akaketi. Sasa wanajua. Watafanya nini na kujua huko, hilo ni lao. Wanazungumza, wanalia, wanazungumza tena. Somalatha ameambiwa na mwanawe. Tumesikia hajatoka ndani siku hizi.

Nilipoanza kuandika tangazo hili nilikuwa nimeacha majina yao nje, kwa kuwa wewe usingeruhusu. Thusitha na Madhavi wenyewe ndio waliokuja jana na kuomba waandikwe. Madhavi alisema wako wengine wengi wenye karatasi kama yake, na wakisoma jina la mtu wa Polpithigama anayejulikana hawatasema ni maneno ya maprofesa. Nikamwuliza kama anajua watu watasema nini. Akasema anajua, ameshayasikia.

Basi unayesoma, kama ulipimwa na ulikuwa na upungufu wa madini ya chuma, kunywa vidonge vyako na urudie kipimo kabla ya harusi. Ukiambiwa hakuna huduma, uliza iko wapi, uende. Ukishindwa, njoo kwetu Wariyapola, nyumba ya Ekanayake karibu na bwawa. Iroshini atakupeleka. Amesema mwenyewe, na amekataa nilifute.

Dada Chitranganie, bado tumekukasirikia. Tumekasirika kwamba uliondoka kazi ikiwa katikati, kwamba hukwenda kwa daktari, kwamba ulikuwa na haki nasi tukalipa. Mema uliyoyatenda yakufikishe kwenye utulivu wa Nibbana.

Unakumbukwa na kaka yako Piyatilaka na wifi yako Kusuma. Na mdogo wako Senani. Na Iroshini, binti wa kaka yako. Na Bwana Rizvi wa maabara pamoja na familia yake. Na Thusitha na Madhavi wa Polpithigama, ambao si ndugu zetu, lakini wameomba wawemo.

Hatutakusahau, Dada, siku zote tutakazojaliwa.